Uchawi wenye mdai: Bachwezi wa Kagera na gemu ambayo haijatungwa

Katika gemu nyingi za kompyuta mchawi ana mstari wa buluu pembeni mwa kioo. Akirusha moto, mstari unapungua. Akijibanza nyuma ya jiwe kwa dakika moja, unajaa tena. Hajamwomba mtu, hajashukuru, hajachinja hata kuku. Ni LUKU ambayo uniti zake zinajirudisha zenyewe, na huko hata TANESCO hawajafika.

Mchezaji wa mbali huona ni jambo la kawaida. Mtu aliyelelewa Kaniha, katika ukanda ambako Biharamulo na Ngara zinakutana, ana haki ya kucheka. Kwa wazee wa upande huo wa Kagera nguvu isiyo na mwenyewe haipo. Ukiipata umekopeshwa, na aliyekukopesha ana jina, ana ukoo, ana eneo lake, ana chakula anachokipenda na ana siku ambazo hataki kusumbuliwa.

Naandika haya nikiwafikiria vijana wetu wanaojifunza kutengeneza gemu, ambao wakifika kwenye dunia za njozi hukimbilia mazimwi ya Ulaya na fimbo za Harry Potter. Dini za kale za Maziwa Makuu zina mfumo wa miujiza uliokamilika kuliko mwingi unaouzwa madukani, na kiini chake ni deni. Mbunifu atakayechukua majina ya mizimu akaacha madeni yao atakuwa ameupaka rangi mstari uleule wa buluu.

Walichochukua na walichokiacha

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani, waliwagawa wenye miujiza katika makundi mawili. Wachawi walisoma vitabu. Makasisi walipewa na miungu. Ukizitazama kanuni zenyewe, tofauti ilikuwa ndogo. Wote walijiandalia miujiza kutoka kwenye orodha, wakishaitumia imefutika, wazo lililotolewa kwenye hadithi za njozi za Jack Vance za mwaka 1950. Mungu wa kasisi hakudai mengi zaidi ya jina lake kuandikwa kwenye karatasi ya mhusika, pamoja na mwenendo usiomwaibisha.

Mstari wa buluu nao una asili ya dini. Mara nyingi huitwa mana, jina lililotoka visiwa vya Pasifiki, ambako lilihusu nguvu inayokaa ndani ya watu, vitu na mizimu. Mmisionari Robert Codrington aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1891 kuhusu Wamelanesia, wanazuoni wa Ulaya wakaidaka, na mwaka 1969 Larry Niven akaitumia katika hadithi ambamo nguvu hiyo huchotwa ardhini mpaka ikaisha. Gemu zikafuata. Hesabu ilichukuliwa, lakini wazee, watemi na miiko ya visiwani viliachwa ufukweni.

Aliyejaribu kurudi nyuma kuvichukua vilivyoachwa ni Greg Stafford. Mchezo wa mezani wa RuneQuest, uliotoka mwaka 1978, ulitumia dunia yake ya Glorantha, na humo huwezi kupata miujiza mikubwa bila kujiunga na kundi la ibada. Unaanza kama muumini wa kawaida, unaingizwa, ukijaliwa unakuwa kuhani. Muujiza wa mungu unaununua kwa kukatwa sehemu ya nguvu ya nafsi yako, na ukilala hairudi. Mpaka leo ninapotafuta mfano wa dini iliyoingia kwenye kanuni za mchezo na isibaki pambo, naanzia hapo.

Kwa upande wetu, jaribio lililosikika zaidi ni Tales of Kenzera: ZAU ya Aprili 2024. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa gemu walimfahamu kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017, alianzisha studio ya Surgent na kuitunga gemu hiyo kutokana na msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana. Anamwendea Kalunga, mungu wa kifo, na kupatana naye: atamletea mizimu mikubwa mitatu, naye arudishiwe baba. Mkononi ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Gemu inachezeka kwa sauti za Kiswahili, jambo ambalo ni nadra kampuni kubwa kutuhangaikia, na mwaka 2025 ilipata tuzo ya BAFTA inayotolewa kwa gemu zenye uzito kupita burudani.

Napenda sana yale mapatano na Kalunga. Ndiyo roho ya mchezo, na hapo Salim aligusa jambo la kweli. Lakini Zau akiingia vitani anarudi kwenye mstari: nguvu ya roho inajazwa kwa kupiga maadui, inatumika kujiponya, inajazwa tena. Na mizimu aliyotumwa kuikamata imekusanywa kutoka kila pembe ya bara. Impundulu, ndege wa radi, ni wa kusini mwa Afrika. Jina la Kalunga linatupeleka Kongo na Angola. Kukusanya si kosa, hadithi zimekuwa zikisafiri na misafara tangu zamani. Ila mzimu ukiuhamisha kutoka kwenye mto wake na watu wake, unabaki kuwa adui mwenye umbo la kupendeza. Hauna tena wa kumdai.

Waliopotea wakabaki

Katika simulizi za Bunyoro, magharibi ya Uganda ya leo, Bachwezi walikuwa watawala wa Kitara: Ndahura, Mulindwa, Wamara. Walitawala kwa muda mfupi, wakatoweka, wakarudi kama mizimu inayopanda vichwa vya watu. Ibada ya mizimu hiyo ndiyo kubandwa. Buhaya walimjua Wamara, na Mugasha wa ziwa na dhoruba, na Irungu wa pori na wawindaji, na Kazoba wa jua. Rwanda waliye naye ni Ryangombe, Burundi ni Kiranga. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla ya wakoloni kuchora mipaka, kwa hiyo Kiranga hakuhitaji pasi ya kusafiria kufika huko. Upande wa kusini mashariki, Wasumbwa na Wanyamwezi walikuwa na chama cha Waswezi, kilichomtukuza Lyangombe. Hans Cory aliandika makala juu yake mwaka 1955.

Tazama ramani basi. Ukanda wa Kaniha umekaa mahali ambapo mikondo hiyo inapishana. Wahangaza na Washubi wana undugu wa lugha na Warundi, Wahaya wako kaskazini, Wazinza wako upande wa ziwa, Wasumbwa na Wasukuma wanapanda kutoka kusini. Mbunifu anayetaka dunia ambamo mzimu mmoja ana majina matatu na kila kundi linaamini lake ndilo sahihi hana haja ya kubuni. Na sehemu kubwa ya pori la zamani ipo bado, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019, na nyati wake.

Jambo la kwanza ambalo gemu ingelazimika kubadilisha ni mlango wa kuingilia. Katika gemu za kawaida unachagua: leo nitakuwa shujaa wa upanga, kesho mchawi. Katika kubandwa mara nyingi mtu huchaguliwa. Anaugua ugonjwa usioeleweka, au anakosa mtoto, au ng'ombe wanakufa mmoja baada ya mwingine. Mpiga ramli anaulizwa, anasema fulani anakutaka. Kukubali kuna gharama na kukataa kuna gharama. Fikiria mchezaji aliyejiandaa kuwa askari, saa tatu ndani ya mchezo mkono wake unaanza kutetemeka kila anapopita kando ya ziwa. Hakuna maelezo kwenye kioo. Akitaka kujua inabidi atafute mtu wa kumuuliza, na huyo naye ana bei.

Akishaingizwa hapewi orodha ya miujiza. Anapewa ndugu. Anazaliwa upya kama mtoto wa mzimu, anapata wazazi na kaka na dada wa ibada, anajifunza lugha ya ndani ambayo asiyeingizwa haielewi. Mzimu unapompanda yeye si yeye: anavaa, anasema, anakula na kutukana kama mwenye zamu. Huko Rwanda walioingizwa walikuwa Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja, jambo zito katika jamii iliyopimana kwa nasaba. Mwanahistoria Iris Berger, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu dini na upinzani katika falme za Maziwa Makuu, alionyesha jinsi wanawake walivyopata humo hadhi na uhuru wa kusema ambao nyumbani wasingeupata. Mwanamke aliyepandwa na Kiranga aliweza kumkemea mtu ambaye jana yake alimpigia magoti.

Watawala hawakuifurahia hali hiyo. Mfalme wa Rwanda mwenyewe hakuingizwa. Aliweka mtu wake wa kuwasimamia walioingizwa. Na kaskazini zaidi, waliopandwa na mzimu mwingine, Nyabingi, walifika hadi kupigana na wazungu. Mmoja wao, Muhumusa, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 na akafa kizuizini Kampala mwaka 1945. Gemu yenye mfalme na mbandwa, yaani aliyepandwa na mzimu, katika mji mmoja ina mgogoro wake tayari kabla ya kuongeza jini wa mwisho wa kupigana naye.

Punje ya kahawa na ng'ombe wa kuzimu

Kuhusu deni, simulizi ni nyingi, nachagua mbili.

Ya kwanza ni ya Bunyoro. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alimpelekea Isaza wa Kitara ombi la undugu wa damu. Undugu huo ulifungwa kwa punje za kahawa: unajichanja, unaichovya punje katika damu yako, mwenzako anaila. Isaza akaogopa kujifunga na mtu asiyemjua, akamwagiza mtumishi afanye kwa niaba yake. Nyamiyonga akagundua. Hakuleta jeshi. Alimpeleka binti yake, mrembo, ambaye Isaza alimwoa bila kujua ametoka wapi. Halafu akapeleka ng'ombe wazuri kupita kiasi, kwa sababu alishaambiwa mfalme huyo anapenda ng'ombe kuliko kitu chochote. Ng'ombe walipopotea Isaza akawafuata, wakaingia chini ya ardhi, naye akaingia. Hakutoka tena.

Mkoa wa Kagera unajua kahawa kuliko mkoa wowote, na kahawa ya kutafunwa bado hupewa mgeni. Sasa iweke kwenye gemu. Mchezaji anapewa punje na mgeni njiani. Kuila ni kujifunga. Kuitupa ni tusi. Kumpa mwenzako wa safari aile ni ujanja ambao mchezo utaukumbuka. Adhabu haiji papo hapo. Inakuja baada ya muda mrefu, ikiwa na sura ya zawadi, na itakuwa imepimwa kwa kile ambacho mchezaji huyo mahususi ameonyesha kukipenda. Kompyuta inaweza kufanya hivyo kwa urahisi, maana tayari inahesabu kila unachookota.

Ya pili ni ya Buhaya, na humo Wamara ndiye mwenye deni. Yeye na wenzake walishuka chini ya ardhi wakakutana na Kintu, bwana wa huko, akawapokea vizuri na kuwapa ng'ombe na mbegu. Alichotaka ni kukumbukwa na kurudishiwa shukrani. Wakapanda juu, nchi ikaneemeka, watoto wakakua, na shughuli za neema zikawafanya wasahau. Kintu akamtuma Rufu, yaani kifo. Mnyama mpendwa wa Wamara akazama kwenye tope, na Wamara, aliyekwisha apa kutomwacha, akazama naye, wenzake wakifuata. Kuanzia hapo Bachwezi si watu tena.

Wamara hakukataa kulipa, alijisahau tu, na ndiyo maana simulizi hii inaniuma zaidi kuliko ya Isaza. Gemu za leo hazimruhusu mchezaji kusahau: kuna orodha ya kazi pembeni, mshale juu ya ramani, alama ya mshangao kichwani mwa kila anayekudai. Ningeifuta orodha hiyo kwa mizimu. Aliyekupa mbegu alisema neno moja ulipokuwa na haraka. Kama hukulishika, ni juu yako.

Wachezaji watalalamika, na nina jibu kutoka kwa Ryangombe. Asubuhi ya mwisho ya maisha yake mama yake alimkataza kwenda kuwinda, kwa kuwa ameota vibaya. Akautandaza mshipi wake mlangoni ili asipite. Mwanawe akauruka. Porini akakuta ishara mbaya moja baada ya nyingine, kisha mwanamke wa ajabu, na mwanamke huyo akageuka nyati, akampiga pembe. Aliangukia kwenye mti wa umurinzi, ule wenye miiba na maua mekundu, na mti huo ukawa wa ibada. Kila mchezaji wa gemu amewahi kubonyeza kitufe ili bibi kizee amalize kusema haraka. Ryangombe alifanya hivyohivyo.

Mizimu hii ina mipaka pia, na mipaka ni uti wa mgongo wa mchezo wowote. Mugasha ana nguvu ziwani na kwenye mvua. Ukiwa katikati ya pori unakimbizwa, kumwita ni kujichosha. Huko ni kwa Irungu. Kuvuka kutoka eneo hadi eneo ni kulipa. Binadamu walifanya vivyo hivyo: mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alikwama Usui, nchi ya mtawala Suwarora ambayo ni Biharamulo ya leo, akitoa hongo juu ya hongo kabla ya kuachiwa aende Karagwe. Alilalamika kurasa nyingi. Angekuwa na mwongozo wa mchezo angejua kwamba hilo ndilo lango.

Jiko la chuma lilipokataa

Kuna somo jingine ambalo wabunifu wengi hulikosa, na liko katika chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi Buhaya kwa miaka mingi, na simulizi za wazee kuhusu mti wa Kaiija huko Katuruka zilimwelekeza kwenye mabaki ya uyeyushaji chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri na kuyeyusha chuma kama walivyofanya ujanani, na mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Mabomba ya udongo yaliyoingia ndani ya tanuri yalipasha hewa joto kabla haijafika motoni. Majani ya kinamasi yaliyochomwa yalitandikwa shimoni chini. Ni ufundi wa hali ya juu. Biharamulo na Geita wayeyushaji mashuhuri walikuwa Warongo, na kwao vilevile tanuri halikuwa tanuri tu. Dawa zilifukiwa shimoni, wayeyushaji walijitenga na wake zao, na kazi ilikuwa na miiko yake tangu kuchagua mahali.

Mara nyingine chuma hakikutoka. Je, ni makaa mabichi, au kuna aliyevunja mwiko? Hapo hapana anayeweza kujua kwa hakika, na dini ya kweli inaishi katika hiyo nafasi. Kwenye gemu, ukifua upanga unaambiwa: uwezekano wa kufaulu asilimia 70. Ukishindwa unajua ni bahati. Mimi ningezificha namba zote. Ningeweka moto, kuni, hewa na udongo vihesabiwe kwa ukweli wa kemia, halafu miiko ihesabiwe pembeni, na mchezaji asiambiwe kamwe ni kipi kilichomwangusha. Baada ya mara ya tatu ataanza kutafuta sababu mwenyewe. Atashuku makaa. Atamshuku mwenzake.

Nasita hapa, kwa sababu kumshuku mwenzako si mchezo katika Kanda ya Ziwa. Wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yaliletwa na moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu mtu alimwambia mwingine kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri. Mauaji yaliposhika kasi, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza mwaka 2009 kusimamisha shughuli za waganga wa jadi, na mwaka 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani Mathias Chikawe akatangaza tena marufuku kwa wasio na vibali. Polisi wetu wana jina la kazi iliyoanzisha mengi ya hayo: ramli chonganishi. Sheria ya Uchawi tuliyo nayo ina mizizi katika mwaka 1928 na haijawahi kuzima hofu.

Mbunifu wa Marekani anaweza kuweka jicho la binadamu kwenye chungu cha mchawi na watoto wakacheka. Gemu inayotungwa kwa ajili ya kijana wa Biharamulo haiwezi. Siombi uchawi ufutwe. Naomba mtunzi achague ramli ya aina gani itakuwamo. Ramli ya kubandwa huuliza: ni mzimu upi umeudhika, na anataka nini? Jibu lake ni pombe, mbuzi, ngoma, ndugu kukusanyika. Ramli nyingine huuliza: ni jirani yupi? Jibu lake ni panga. Zote mbili zimekuwepo katika historia ya nchi hii, mara nyingine mikononi mwa mtu huyohuyo, na itakuwa uongo kudai kwamba ya kale ilikuwa safi. Lakini kanuni za mchezo hutungwa na mtu. Aandike kwamba mpiga ramli wa dunia hii hutaja mizimu tu, na atakayejaribu kutaja jirani mizimu humwacha. Katika mfumo wangu huyo ndiye pekee anayepoteza kila kitu kwa kosa moja.

Na wenye ibada je? Miungu ya Wagiriki na ya watu wa Skandinavia imechinjwa mara nyingi katika God of War na hakuna kanisa lililoandamana. Gemu ya SMITE ilipoweka miungu ya Kihindu, viongozi wa dini hiyo nje ya India walipinga hadharani mwaka 2012, hasa jinsi Kali alivyovalishwa. Bachwezi wako katikati. Wengi Ngara na Biharamulo leo ni Wakatoliki, Waanglikana, Walokole, Waislamu, na wapo watakaosema hata kuiandika habari hii ni kuita pepo. Wapo pia wanaotikisa njuga usiku bila kumwambia padri. Mbunifu anahitaji ruhusa ya kuketi na hawa wa pili, na awe tayari kuambiwa hapana. Siri za kuingizwa zisiwekwe kwenye gemu hata akizijua. Lugha ya ndani atunge yake. Haitapunguza utamu hata kidogo, kwa kuwa asiyeingizwa hana namna ya kulinganisha. Na kama jina la Kiranga litakataliwa, abuni jina jingine abaki na kanuni. Kanuni hazina mwenye hakimiliki.

Kuna moja ya mwisho, ambayo ningeilinda hata bajeti ikikatwa nusu. Katika gemu, mhusika akifa anarudi mahali alipohifadhiwa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanyarwanda wa kale walikuwa na jiografia kali zaidi: walioingizwa huenda kustarehe na Ryangombe kwenye mlima Karisimbi, wasioingizwa hutupwa Nyiragongo, volkano yenye moto hadi leo. Na Bachwezi wenyewe walikufa ili wapande vichwa vya wengine. Basi mhusika wa mchezaji akifa, asirudi. Mchezaji aanze na mtu mpya, mtoto wa mwisho wa nyumba nyingine, labda huku Kaniha. Baada ya siku kadhaa mtoto huyo augue. Ramli itaje jina, na jina liwe la yule wa kwanza, akiwa na tabia zote ambazo mchezaji mwenyewe alimpa: kama alikuwa mlafi atadai nyama, kama aliwaacha wenzake vitani hatakuja akiitwa vitani. Kompyuta imeyatunza yote. Na kama alikufa hajamrudishia Kintu shukrani yake, ng'ombe wale bado wanahesabiwa, na anayedaiwa sasa ni mtoto.